Kizibao cha Salma na Tundu la Mfuko wa Kulia

Siku ganda lile la risasi lilipoanguka tulikuwa watu watano ndani ya karakana, na nitawataja wote, kwa sababu nyinyi mnaoshona pale leo mmekalia viti vyao. Wa kwanza mimi, Tatu binti Mzee, wa Tanga, mkataji. Wa pili Laoban Lin, mwenye karakana. Laoban ndivyo wanavyomwita bosi hapa Guangzhou, awe mwanamume au mwanamke. Wa tatu Fang, binti wa dada yake Lin, mshonaji wa cherehani ile ya dirishani. Wa nne Mama Happy wa Mwanza, niliyepanga naye chumba, mnunuzi wa nguo za watoto. Huyu hakuwa mfanyakazi, alikuja kutukalia tu na kutumalizia chai. Wa tano Salma Kibwana, mlinzi kutoka Dar es Salaam na mlenga shabaha, mwenye kizibao chenyewe.

Nimestaafu mwezi huu. Masanduku yamefungwa, nangoja siku ya ndege, na nyinyi Zainabu na Neema mmeniambia, "Bibi, andika." Nimesoma mpaka darasa la nne, basi mtanivumilia. Vyeo na mishahara siviandiki. Nitaandika kazi.

Nilifika Guangzhou mwaka ambao mjukuu wangu Nasra alianza darasa la kwanza. Nilikuja na mpwa wangu Hemedi kumchagulia vitambaa, maana yeye alikuwa na duka na hakuwa na vidole. Kitambaa hununui kwa macho. Alinipeleka Zhongda, kule kwenye soko la vitambaa ambalo ukiingia mlango mmoja asubuhi, adhuhuri hujaufikia mwingine, na kila duka nililoshika kitambaa nikauliza kama kipo kizito zaidi niliambiwa "mei you", hakuna. Siku nzima mei you. Dukani kwa Lin niliuliza tena. Hakujibu kitu. Alichukua kipande, akakivuta mshazari, akanipa nikivute na mimi, kisha akanitazama usoni kuona kama nimeelewa. Nikamwambia Hemedi, "Huyu ni fundi." Hemedi alirudi nyumbani, mimi nikabaki. Lin alikuwa na cherehani tatu juu ya duka na hakuwa na mkataji anayeaminika. Alinifundisha kukata tabaka arobaini bila la chini kuteleza, nami nikamfundisha kutokata simu ya mteja wa Kiswahili kwa sababu tu salamu ni ndefu. Alikuwa akiniita Nainai, yaani bibi, tangu sijawa bibi wa kutosha.

Tulishona mikoba, aproni na sare za mahoteli. Vizibao vya walenga shabaha vilitujia kwa Kapteni Luhende, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa anafundisha walinzi wa kampuni moja ya Dar. Alikuwa na timu ya wanaume wanne na wanawake wawili, wakienda kushindana na klabu ya jirani zetu kusini mwa mpaka. Mashindano yenyewe si ya kusimama na kulenga duara. Unapewa kisa: umekaa kwenye kiti, au umebeba kapu, au unafungua mlango, hatari inatokea, nawe unaanza pale pale ulipo. Bastola lazima iwe imefichwa chini ya vazi. Ukipigwa ukelele unafunua vazi, unachomoa, unapiga shabaha za mbao ukiwa umejikinga nyuma ya kitu, na zile mbao zilizochorwa mikono mitupu huzigusi, hao ni watu wema. Kapteni alisema hivi: mlinzi anayejua kulenga akiwa amesimama peke yake kwenye jua zuri anajua robo ya kazi.

Mara moja nilikwenda huko kwao Dar kupima miili. Ndiko nilikomkuta Mzee Denis, fundi wa klabu mwenye kibali cha kujaza risasi upya. Baada ya mazoezi kila mtu huinama kuokota maganda ya shaba na kumpelekea. Huyasafisha kwa ungaunga wa magunzi ya mahindi, kisha anayachukua kwa kiganja na kuyatikisa karibu na sikio. Ganda zima linalia. Lenye ufa linakohoa. Nilicheka, akanipa ganda moja bovu nitikise na mengine, na kweli likakohoa. Chumbani mwake hakuna redio, hakuna simu, na akiwa kwenye mashine husemeshwi hata salamu. Maganda yaliyotiwa baruti hukaa kwenye sinia lenye matundu, na kabla ya kuweka kichwa cha risasi hata kimoja hupitisha tochi juu ya sinia zima, ganda moja moja, aone baruti imelingana. Nikamuuliza kwa nini asiangalie machache tu. Akasema, "Mama, wewe ungependa lako liwe kati ya yale ambayo sikuangalia?"

Niliporudi Guangzhou nilinunua tochi. Vizibao vyote vilipita chini ya tochi yangu. Niliangalia pindo na kola, nikaangalia vifungo. Mifuko ya ndani sikuiangalia. Nani anaangalia mfuko wa ndani?

Sasa nimfikie Salma. Salma alikuwa mlinzi wa getini, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na huvaa shungi refu kazini na uwanjani. Katika mashindano ya kwanza aliyovaa kizibao chetu, alipofunua vazi, upepo ulileta ncha ya shungi mkononi mwake pamoja na pindo. Bastola ikatoka imevishwa kitambaa, na mdomo wake ukapita mahali usipotakiwa kupita. Msimamizi wa usalama akapiga kelele, "Simama!" Salma akaganda kama alivyofundishwa. Hakuna aliyeumia. Lakini sheria ni sheria, alitolewa siku ile ile, na Kapteni Luhende akanipigia simu.

"Bi Tatu, huyu binti mashindano yajayo ataandika alama mezani. Siwezi kumhatarisha mtu."

"Kosa ni la nguo au la binti?"

"Sijui. Ndiyo maana hatapiga."

Siku ya pili akapiga Salma mwenyewe. "Shikamoo bibi. Nina likizo ya siku kumi. Naja huko unipime nikiwa nimevaa vyangu vyote. Kapteni amesema nikimwonyesha nguo isiyonasa kabla ya mashindano, nafasi yangu anairudisha. Nisipomwonyesha, basi. Na bibi, nikitoka mimi, hata yule mwenzangu Rukia hatapewa nafasi. Watasema wanawake wa mashungi tumejaribiwa tukashindwa."

Nikamwambia aje na kizibao kile kile.

Alitua uwanja wa ndege wa Baiyun Jumatatu. Nilimngoja kwenye treni ya chini kwa chini, nikamtambua kwa kuwa alikuwa anatazama mikono ya watu badala ya nyuso zao. Jumanne tukaanza kazi.

Kuna jambo la hapa mlijue. Hata bastola ya plastiki ya mtoto, ikifanana na ya kweli, inakutia matatani. Kwa hiyo mkoba wa bastola na kizibao chake nilikuwa nikivijaribu kwa kile kifaa cha kuyeyushia gundi kinachouzwa mtaa wa Yide Lu pamoja na madaftari na wanasesere: kina mpini, kina kifyatuo, rangi yake ni ya machungwa, na waya wake nimeukata. Siku ya kwanza Lin aliponiona nimekivaa kiunoni aliniuliza, "Nainai, unakwenda kuiba kwenye mgahawa wa tambi?"

Salma hakucheka. Alikichukua kile kifaa cha gundi, akakigeuza kuona kama ni kitupu, akamwonyesha na Fang athibitishe kuwa ni kitupu, akauliza ukuta upi hauna mtu nyuma yake. Mama Happy akaangua kicheko. "Mwanangu, hiyo inatoa gundi!"

"Najua, mama. Mkono wangu ndio haujui."

Akaelekea kwenye kona yenye marobota ya pamba, kidole kikiwa nje ya kifyatuo. Alifunua, akachomoa, akarudisha. Polepole mara kumi, kila mara akituambia kilichonasa. Halafu akasema, "Sasa nisumbueni." Akakaa kwenye kile kigoda kifupi cha Fang akiwa na mifuko miwili ya marejesta ya duka mkononi. Mama Happy alipewa kazi ya kumpigia kelele, kazi aliyozaliwa nayo. "We Salma! Mtoto wako analia! Chakula kinaungua! Mwenye nyumba amekuja!" Fang alimpiga kikumbo. Salma anaangusha mifuko, anainuka, anafunua. Mara tano za mwanzo, shungi lilinasa mara tatu. Nikaona kosa kwa macho yangu: pindo la kizibao lilikuwa jepesi mno. Haliruki nyuma, linarudi mkononi na kuvuta shungi nalo.

"Wenzangu wanatia uzito mfukoni," Salma akasema. "Maganda matupu matano au sita. Ukilifunua linakwenda lenyewe, huo muda ndio unachomoa. Nami nilikuwa natia. Nimeyatoa kabla ya safari, Mzee Denis alisimama pale pale nikamhesabia yote."

Kwao ni desturi, hawaondoki uwanjani mpaka kila mtu amegeuza mifuko na kusema kwa sauti, "Sina risasi, sina ganda." Salma aliigeuza mbele ya Mzee Denis.

Nikamwambia avue nifumue pindo. Laoban Lin akashuka dukani akarudi na kamba nzito ya mapazia, ile ndefu yenye vipande vya uzito ndani, inayofanya pazia linyooke. Wauzaji wa mapazia wa Zhongda wanaiuza kwa mita. Akaiweka kwenye pindo, akatikisa, pindo likaruka kama mlango. Tukatazamana. Kumbe jibu lilikuwa ghorofa ya chini! Nikachukua mkasi, nikafumua bitana upande wa kulia, nikakikung'uta kizibao.

Kitu kikaanguka sakafuni kikalia. Nilikuwa nimewahi kuusikia mlio ule. Lilikuwa ganda zima, halikuwa na ufa.

Lilibingirika mpaka kwenye mguu wa cherehani ya Fang likasimama. Fang alikunja miguu juu ya kiti kama aliyeona nge.

"Si langu," Salma akasema, halafu akasema, "Ni langu." Akakaa sakafuni. "Bibi, niliyatoa yote. Wallahi niliyatoa."

Nikaingiza kidole kwenye mfuko wa ndani, mfuko wa kulia. Kidole kikapita. Kwenye kona ya chini mshono ulikuwa umerukwa, sentimita moja na kitu, na lile ganda lilikuwa limeingia kwenye bitana siku nyingi. Alipohesabu alihesabu yaliyobaki mfukoni tangu hapo. Na safarini lilikuwa limelala kizibaoni ndani ya sanduku lake, pamoja na mfuko wa bakli na vifungo vya sampuli aliopewa na Kapteni aniletee, shaba juu ya shaba, mashine za uwanja wa ndege zisilitambue. Mshono ule haukuwa wa Fang. Mifuko ya ndani nilikuwa naishona mimi, kwa sababu sikumwamini mtu mwingine.

Mama Happy ndiye aliyeanza. "Litupwe chooni. Maji yalichukue, tumalize pindo, mtoto aende kwao."

"Bu xing," Lin akasema. Haifai. Alisema kwa sauti ndogo.

"Haifai nini? Ganda tupu! Halina baruti, halina chochote!"

"Mama Happy," nikasema, "kamera ziko ngazini, mlangoni na barabarani. Na sisi tuko watano. Leo tunanyamaza wote, na mwakani?"

"Mwakani mimi niko Mwanza."

Salma alikuwa anahesabu siku kwa vidole. Ndege yake ilikuwa Ijumaa. Mashindano Jumapili ya pili. Alijua, nasi tulijua, kwamba akizuiliwa hata wiki moja, nafasi imekwenda na ya Rukia imekwenda nayo. Mimi nilikuwa na kibali changu cha kukaa. Lin alikuwa na karakana. Sitawadanganya, kwa muda wa kama kikombe cha chai nilikuwa upande wa Mama Happy.

Aliyekata shauri ni Salma. Aliinuka, akajifuta uso kwa lile shungi. "Mzee Denis akikuta kosa kwenye sinia hafuniki. Anasimamisha kazi, anamwita Kapteni. Twendeni tukaseme."

Lin akavaa koti lake la kuendea harusi. Fang alibaki na Mama Happy. Tulilitia ganda kwenye mfuko mwangavu wa vifungo, tukabeba kizibao, tukaenda kituo cha polisi, Lin mbele, sisi nyuma, kwa miguu, mchana kweupe.

Afisa aliyetupokea alikuwa kijana mwenye miwani. Lin akaeleza. Kijana akaacha kuandika, akamwita mkubwa wake, mkubwa akafunga mlango. Waliuliza mara nyingi kwa njia tofauti, nasi tukajibu kwa ile simu inayotafsiri. Nikiongea Kiswahili changu cha Tanga ilitoa mambo ambayo yalimfanya Lin ashike kichwa. Mwisho niliiweka kando. Nikaomba karatasi, nikachora kizibao upande wa nje na upande wa ndani, nikachora mfuko na mshono, nikaweka alama palipo na tundu. Halafu nikakigeuza kizibao chenyewe mezani. Nikajionyesha kifuani, nikaonyesha tundu. Mimi. Si yeye, mimi.

Yule kijana alitia kidole mfukoni, kikatokea upande wa pili. Akakichezesha. Mkubwa wake akasogea, naye akatia chake.

Tuliandikisha maelezo, nikatia sahihi kwa herufi kubwa kama nilivyofundishwa na Mwalimu Sekiete darasa la tatu. Walichukua ganda na pasipoti ya Salma. Turudi kesho saa nane mchana.

Asubuhi yake niliuliza karakana nzima: tunashona au tunangoja? Salma akasema, "Tushone, bibi. Nisipokwenda mimi, kitakwenda kizibao." Tukashona. Kamba ya pazia ndani ya pindo, kulia na kushoto, maana pindo jepesi upande mmoja linapindisha bega. Ndani ya bega nikaweka kitanzi cha utepe, ncha ya shungi inapita pale na haining'inii. Mfuko wa ndani nikautoa kabisa, uzito sasa uko kwenye nguo yenyewe na hakuna haja ya kubeba ganda. Salma akakaa kwenye kigoda na marejesta yake. Mama Happy, ambaye alikuwa hajatusemesha tangu jana, akapiga ukelele mmoja wa hasira za kweli: "Umetutia wazimu, we mtoto!"

Shungi halikunasa. Wala mara ya pili, wala ya ishirini. Kwenye ile ya ishirini Mama Happy akasema, "Basi, nimekauka koo," na akajimiminia chai, tukajua yameisha.

Saa nane mkubwa wa kituo alitusomea onyo refu. Lin aliitikia kwa kichwa kila sentensi. Neno moja nililolishika mwenyewe ni nainai. Kisha akasukuma pasipoti mezani. Kijana mwenye miwani alitusindikiza mpaka mlangoni, akaniuliza kwa simu yake kama najua kutengeneza zipu ya koti, ya mama yake imeharibika. Nilimtengenezea wiki iliyofuata.

Ijumaa Salma akaondoka. Kapteni alimtaka aonyeshe mbele ya timu nzima, bastola tupu, mara hamsini, wenzake wakimsukuma na kumpigia kelele. Jumapili ile ya pili nikatumiwa video na Rukia. Salma yuko kwenye kiti, kapu mapajani. Ukelele. Kapu chini, pindo linaruka nyuma, shungi liko pale pale begani. Anajikinga, anapiga, hagusi hata mbao moja ya mtu mwema. Alikuwa wa saba kati ya kumi na tisa. Rukia, aliyevaa kizibao cha pili cha kamba ile, tulichompa Salma amchukulie, alikuwa wa nne, na hakuacha kututajia. Kapteni Luhende alituma maneno machache: "Bi Tatu, vingine kumi na viwili. Visiwe na mfuko wa ndani." Sasa Salma ndiye anayefundisha walinzi wapya wa kike kuvaa kabla ya kushika chochote. Na Mzee Denis ameongeza jambo kwenye desturi ya klabu: kabla ya kutoka uwanjani vizibao vinageuzwa ndani nje na kupapaswa bitana.

Nyinyi pale karakanani mnaniona mkali kwa kuwa kila mfuko unaotoka mezani lazima upitishwe kidole kwenye kona zote mbili, hata wa aproni ya mpishi. Neema, ulinong'ona kwamba bibi amezeeka anatafuta kitu cha kutulaumu. Nilisikia. Basi sasa umejua kidole kile kinatafuta nini. Tochi nimewaachia kwenye droo ya juu. Kile kifaa cha gundi kipo chini ya meza, na kabla ya kukishika hakikisheni ni kitupu.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Kama Fang siku ile alikuwa kwenye cherehani ya mlangoni wala si ya dirishani, mwenyewe aniambie. Kama Mwalimu Sekiete alinifundisha darasa la pili na si la tatu, walio hai wa Tanga wanirekebishe. Kama Salma alikuwa wa sita na si wa saba, nitafurahi zaidi kurekebishwa. Lakini lile tundu msinigusie. Lilikuwa mfuko wa kulia, kona ya chini, na mshono ulikuwa wangu.